Sifuri ya Gentrix

Shirere,
Kakamega.
Jumanne, 13 Mei 2025

Mpendwa Mjomba Willis,

Mulembe kutoka nyumbani. Jua la Lodwar linakutendeaje? Na mgongo je, bado unakusumbua ukisimama sana darasani? Huku tu wazima. Nyanya analalamikia magoti, lakini Jumapili alifika kanisani kabla ya mchungaji. Mahindi ya Shinyalu yamepaliliwa. Niwie radhi kwa mwandiko mdogo. Karatasi ni moja na maneno ni mengi.

Mjomba, nina hasira. Nimeinywea chai tangu jana na bado haijashuka.

Unajua mwaka huu idara ya muziki hapa chuoni ilinichagua kuwa mwanafunzi msaidizi. Sisi wa mwaka wa tatu hukaa na wale wa mwaka wa kwanza kila Jumanne na Alhamisi, tukiwasaidia masomo yanayowapiga chenga. Nilipewa beji, nikaitembeza Shirere nzima kama mtoto mwenye viatu vya Krismasi.

Nikaletewa Gentrix, msichana wa Chekalini. Akiimba, hata wapiga soga wa nje ya darasa hunyamaza. Lakini ukimwekea noti kwenye mistari mitano, anapotea. "Dada Muhonja, hizi noti zinanikimbianga," aliniambia siku ya kwanza, karibu alie. Kanisani kwao, kama kwetu, nyimbo huandikwa ubaoni kwa do-re-mi, na hiyo mistari hakuna aliyewahi kumwonyesha.

Nilimfanyia ulivyonifanyia wewe ulipokuwa ukiongoza kwaya yetu. Tuliandika herufi za do-re-mi kwa penseli chini ya kila noti, kisha tukawa tunazifuta moja moja mpaka macho yazoee. Kufikia Pasaka alikuwa akiimba kutoka kwenye ukurasa mtupu. Nusura nipige vigelegele.

Wiki jana ukafika mtihani. Kila mmoja hupewa wimbo asioujua na dakika chache za kuutazama. Gentrix, kwa woga, akachukua penseli akaandika herufi zake. Akaimba bila kosa hata moja. Bwana Were, mwalimu wetu wa nadharia, akaichukua ile karatasi, akaziona herufi, akampa sifuri. Ati amedanganya! "Hii ni chuo, si kanisa ya kijiji," alimwambia mbele ya wenzake.

Amedanganya nini, Mjomba? Kudanganya ni kuiba jibu la mwenzako. Huyu alijiandikia alichokisoma kwa macho yake mwenyewe. Na huyo huyo Bwana Were, mashindano ya kwaya yakikaribia, hutufundisha sauti zote nne kwa do-re-mi ili tushike upesi. Nyani haoni kundule. Unisamehe kwa lugha hiyo.

Kosa langu nalikiri. Sikuuliza kama herufi zinaruhusiwa katika chumba cha mtihani, wala sikumwonya Gentrix. Linaniuma. Lakini uzembe wangu mimi haumfanyi yeye mwongo.

Jana Bwana Were aliniita ofisini. Barua niliikuta imeshachapwa. Inasema kwamba mimi, Muhonja, nilimfundisha Gentrix njia ya udanganyifu, na kwamba naomba radhi. Nikitia sahihi, beji ni yangu, sifuri inabaki, na Gentrix anarudia mwaka mzima. Nikikataa, navuliwa usaidizi, ila kamati ya mitihani italazimika kukutana Alhamisi na kumsikia akiimba tena. "Weka sahihi tu, Muhonja, hii maneno iishe," alisema, akanisogezea kalamu. Nilimwambia nitaisoma kwanza nyumbani.

Gentrix hajui habari za hiyo barua. Leo asubuhi alinipitia na sahani ya obusuma na mboga, kama kawaida yake, nami nikashindwa kumtazama. Ameshafunga nguo zake kwenye begi. "Heri nirudi Chekalini, dada. Hawa watu hawanitaki." Nilimfokea, kisha tukalia wote wawili. Akaenda zake na sahani imejaa vilevile.

Haya, tuyaache hayo. Mama anauliza utakuja lini, maana ile ingokho, kuku aliyokuwekea, imeanza kuzeeka na majirani wanaitazama sana. Nisalimie Anti Maximilla, na umwambie Namalwa kwamba binamu yake hajamsahau. Mungu akulindie mgongo na sauti, urudi ukiwa bado unaweza kutukemea tukiimba ovyo.

Jambo moja la mwisho. Ukiigeuza karatasi hii utakuta maneno ya kuchapwa, na chini yake mstari ulioachwa wazi. Ndiyo hiyo barua ya radhi. Alhamisi wakiniuliza iko wapi, nitawaambia iko njiani kwenda Lodwar. Upande ule sikuandika kitu. Sahihi yangu nimeiweka huku.

Mpwa wako akupendaye,

Muhonja