Papa, Wanataka Niwaonyeshe Soko Lako

Papa wangu uliyelala kaburini Lwiro,

Nakuandikia mchana, mlango nimeutia komeo, na bado nashtuka kila pikipiki inapopunguza mwendo hapo nje.

Unakumbuka uliposhindwa uchaguzi? Miaka yote ya udeputé, ukiwa mbunge, ulipiga kelele kuwatetea wauzaji wadogo, kisha ukakubali kazi katika ofisi ya kupanga kodi za mkoa. Maman alinuna wiki nzima. Jumamosi tuliposhuka soko la Kadutu, wale akina mama wakakutania mbele yangu: "Honorable, jana ulikuwa wetu, leo uko mutu wa Leta!" Ulicheka nao, lakini njiani kurudi uliyarudia maneno yao peke yako. Nilikuhurumia sana.

Hata hivyo hukuacha kushuka. Kila mara Leta, hiyo serikali yako, ilipotaka kodi mpya, uliketi kwanza kati yao juu ya kreti tupu, ukauliza nani ataiweza na nani itamvunja mgongo. Anayebeba bidhaa kichwani ulimwondolea kodi. "Leta ibebe kwanza muzigo yake, njo iombe kodi," uliniambia. Ukanifundisha kila mmoja wao: jina lake, watoto wake, mtaa anaokaa. Nilijivuna kuwajua.

Sasa mji una wenyewe wengine, waliouteka, nao wameweka kodi zao. Wauzaji wengi wamekimbia soko, wanauzia majumbani kimyakimya. Alhamisi walikuja wanaume wao watatu na bunduki kukutafuta, kwa kuwa uliwajua wauzaji wote.

"Muzee alishakufa," Maman akawaambia.

Mkubwa wao akanigeukia. "Basi wewe. Utatembea na sisi, utatuonyesha kila mama wa soko anaishi wapi, alipe kodi yetu."

Wanarudi kesho asubuhi. Maman analia tangu siku ile: "Itika tu, mutoto yangu, bale habaulizake mara mbili." Simlaumu; ni kweli, hawaulizi mara mbili. Ni mimi tu niliyebaki naye.

Nimeamua kusema simjui hata mmoja. Nimeyarudia maneno hayo mbele ya kioo mpaka midomo ikakauka. Lakini mimi si shujaa, Papa. Naogopa watanipiga. Naogopa zaidi kwamba wakinipiga nitawataja wote, nikianza na yule mama anayeuza sambaza, visamaki vya ziwani, aliyelala sakafuni kwetu siku zote za matanga yako.

Uniombee kabla hawajabisha hodi.

Binti yako mkubwa