Beseni la Majivu

Jumanne, Othaya

Ati paka anajengewa choo? Mama mkwe ameuliza hivyo mbele ya wanawake wa chama, wakacheka wote. Kwake paka ni wa stoo, alinde mahindi. Amesema hawa paka wangu wawili wakichafua jikoni tena, Jumamosi wanahamia huko nje kwa baridi. Na bado ni wadogo hivi, panya wa stoo wamewashinda ukubwa.

Kosa lilikuwa langu. Niliwajazia beseni maranda ya mbao liwe choo, wao wakayafanya kitanda, kisha wakaenda kujisaidia kwenye majivu ya jiko. Leo ndio nimekumbuka nilikowatoa. Walizaliwa kwa seremala, juu ya maranda. Nani anajisaidia kitandani kwake?

Nikabadilisha, maranda kwenye katoni, majivu kwenye beseni. Yule mweusi aliingia, akachimba, akamaliza, akafukia vizuri kabisa. Mwenzake akamfuata.

Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni, akaona yote.

"Bado ni paka wa stoo," akasema.

Sawa. Ufunguo wa stoo niko nao mimi, na Jumamosi hautaonekana.