Kanda ya Babu na Kura ya Kurudisha Askari

Eastmoor, Vermont
Jumapili, tarehe 18 Februari 2007

Mpendwa Mshauri,

Naomba msaada, na kabla ya kuomba naahidi kukueleza kila kitu, hata yale yanayonitia aibu, kwa sababu mama husema wengi wanaokuandikia gazetini hukupa nusu ya habari halafu wanashangaa wakipata nusu ya jibu.

Nina miaka kumi na sita. Kaka yangu Everett yuko Iraq na jeshi la akiba la jimbo letu tangu mwaka jana, anatarajiwa kurudi Agosti, na babu yangu mzaa mama, Armand Lacasse, alikuwa sajini Vietnam mwaka 1969 na 1970. Babu ndiye mwenyekiti wa mkutano wa mji wetu, ule wa kila mwaka ambao wakazi hupigia hoja kura kwa kunyoosha mikono, huu ni mwaka wake wa kumi na tisa, na mkutano utakuwa Jumanne tarehe 6 Machi, na hoja ya ishirini na tatu, baada ya ile ya kununua greda na kabla ya chakula cha mchana, inauliza kama mji uwaombe wakubwa wa nchi waondoe askari wetu Iraq wawarudishe nyumbani. Saini za kuileta hoja hiyo alizikusanya mama, akisimama kila Jumamosi kwenye lango la jaa la taka, kwa kuwa hapo ndipo mji mzima hupita, akiwa na kalamu aliyoifunga kwa uzi ili watu wasiondoke nayo.

Yote yalianza Novemba, mwalimu wetu wa historia, Bi Haskell, alipotupa insha yenye swali hili: je, vita vya Iraq ni Vietnam nyingine? Nilidhani jibu ninalo. Niliandika kwamba katika vita vyote viwili askari wetu wanapigana na watu wasiovaa sare, katikati ya wenyeji ambao askari hawaijui lugha yao, na kwamba sababu tulizopewa mwanzoni siyo tunazopewa sasa, na kwamba mara zote mbili tuliambiwa jeshi la wenyeji liko karibu kushika kazi, tungoje kidogo tu. Bi Haskell akaandika pembeni kwa kalamu nyekundu, "Na yasiyofanana je?" Januari nikarudi maktaba. Nikaandika kwamba zamani vijana wengi waliitwa jeshini kwa bahati nasibu ya tarehe zao za kuzaliwa, na leo kila mmoja amejiandikisha mwenyewe. Kwamba kule kulikuwa na jeshi kubwa likishuka kutoka kaskazini, na huku majirani wa mtaa mmoja wanauana kwa sababu ya madhehebu. Kwamba kule walikufa zaidi ya elfu hamsini na nane wa kwetu, na huku wamekufa elfu tatu na kidogo, ingawa sikujua mtu anaandikaje "kidogo" juu ya jambo kama hilo.

Bi Haskell aliisoma akasema, "Delphine, umepima vita viwili kama mtu anayepima viazi. Watu wako wapi?"

Hapa ndipo nilipokosea. Bibi yangu alifariki miaka mitatu iliyopita, na ndani ya saraka ya cherehani yake mlikuwa na kanda sita ambazo babu alirekodi huko vitani akazituma nyumbani kwa posta, kama walivyofanya askari wengi wakati ule badala ya kuandika. Hakuna aliyenikataza kuzigusa, lakini hakuna aliyeniruhusu, na babu hajui. Nilichukua moja nikaisikiliza ndani ya gari la mama, na kwa dakika nzima sikujua ni nani anayesema, kwa sababu babu ninayemjua mimi hucheka kwa mabega tu, bila sauti, na huyu wa kwenye kanda alikuwa kijana anayecheka mpaka anakohoa. Pembeni yake kulikuwa na mtu mwingine, mkalimani wao, aliyeitwa Loc, naye akasogea karibu akamwambia bibi yangu, "Shemeji, mume wako anaimba vibaya sana, sisi huku tunateseka." Halafu babu akasema, sasa bila kucheka, kwamba amemwahidi Loc kuwa siku wakiondoka hawatamwacha. Juu ya kasha la kanda bibi ameandika kwa penseli: "Loc. Barua kumi na moja, 1975 hadi 1979. Hakuna jibu."

Nikayaingiza yote hayo katika insha. Nilipata alama za juu kuliko darasa zima, Bi Haskell akampa mama nakala, mama akalia, na sasa wamepanga niisome mkutanoni hoja ya ishirini na tatu itakapofika. Mimi si mpiga kura, kwa hiyo ni lazima mkutano ukubali nizungumze, lakini mama anasema hakuna mtu Eastmoor atakayemnyima nafasi mjukuu wa Armand. Anasema habari ya Loc inaonyesha wazi kwamba inafaa tuondoke sasa, kabla hatujawaahidi watu wengine zaidi.

Wiki iliyopita Everett alipiga simu.

"Haya, umeshanipigia kura?" akasema.

"Sina umri wa kupiga kura."

"Basi mwambie mama mimi si ndama aliyeruka uzio, hadi mji mzima ukae kikao."

"Hutaki kurudi?"

"Nataka hata leo, Delphi. Nimeota maharage ya mama mara mbili. Lakini tukifungasha kesho, Sami anakwenda wapi? Mtaani kwao wote wanaijua sura yake." Sami ni mkalimani wao, na hilo si jina lake la kweli.

"Kwa hiyo unataka tupige kura gani?"

Sauti kwenye simu za kule huchelewa, nikasikia swali langu mwenyewe likinirudia. Kisha akasema, "Nataka tu mtu aulize hilo kabla ya kuhesabu mikono."

Alhamisi nilikuwa na babu msituni. Tunajiandaa kwa msimu wa kukinga utomvu wa miti na kuuchemsha uwe sharubati tamu, yeye anatoboa miti na mimi natundika ndoo, kazi ambayo mwaka juzi alikuwa akiifanya Everett. Nikamuuliza, "Babu, wewe unaionaje hoja ya ishirini na tatu?"

"Mwenyekiti haoni. Mwenyekiti anasikia."

"Na kama usingekuwa mwenyekiti?"

"Shika ndoo vizuri, inamwagika."

"Haina kitu, babu."

"Basi una bahati."

Mshauri, kwa desturi yetu mwenyekiti hasemi lolote juu ya hoja akiwa ameshika nyundo ya kuongozea kikao, wala hapigi kura isipokuwa kura zikilingana. Kwa hiyo nikisoma, babu atakuwa amekaa jukwaani mbele ya majirani wote, akisikia siri yake ya miaka thelathini na saba ikitoka kinywani mwangu, na hataweza kusema hata "haikuwa hivyo." Nisiposoma, mama anaamini hoja inaweza kuanguka, na kila mwezi ukipita Everett bado yuko kule. Mama sijamwambia kwamba babu hajui. Kanda iko ndani ya kiatu changu cha mvua, na kila nikikiona naona haya.

Naweka bahasha yenye stempu na anwani, nakusihi unijibu kwa posta wala si gazetini, kabla ya tarehe 6. Je, nisome, au nisisome?

Wako kwa heshima,
Delphine


Alhamisi, tarehe 22 Februari 2007

Mpendwa Delphine,

Umeahidi kueleza kila kitu na umetimiza, isipokuwa umemweleza mtu asiyehusika. Mimi sikupigana popote. Kanda si yangu.

Nakuonea huruma, na nitakuambia kwa nini kabla sijakugombeza. Kaka yako yuko vitani, mama yako amepigwa na baridi mbele ya jaa la taka kwa ajili yake, na wewe ukatafuta kitu cha kusaidia ukakipata ndani ya saraka. Aidha watu wazima wawili walisoma insha yako, na kati yao hakuna aliyeuliza kama mwenye habari anajua. Kosa hilo ni lao, usilibebe.

Lako ni hili. Ulisikia mtu akisema na mke wake, ukayapeleka shuleni. Ungefungua barua yake ungejua umefanya nini. Kwa kuwa ilikuwa sauti, ukajidanganya kwamba ulikuwa unasikiliza historia tu. Na sasa unaniuliza usome au usisome, kana kwamba jibu liko kwangu au kwako. Liko kwa bwana mmoja anayetoboa miti, hatua kumi kutoka ulipokuwa umesimama na ndoo.

Kuhusu vita vyenyewe, umefanya kazi nzuri, na usimruhusu mtu aikunje ili iingie mfukoni mwake. Mama yako akiisikia kanda ile anasema tuondoke. Kaka yako akiisikia atasema tusiondoke hivi hivi. Kanda ni hiyo hiyo moja. Vita viwili vikifanana, kufanana huko hakukupi jibu, kunakuonyesha tu pa kuuliza, na kaka yako amekwisha kukuonyesha. Mimi nina maoni yangu kuhusu kuondoa askari, na nitanyoosha mkono katika mkutano wa mji wangu siku hiyo hiyo ya tarehe 6; maoni hayo hayakuhusu.

Fanya hivi. Jumapili isipite. Toa kanda kiatuni, usiirudishe kwenye saraka kimya kimya. Mpe babu yako mkononi. Anza kwa kuomba radhi, si kwa kuomba ruhusa, maana anayeomba ruhusa kwanza huwa anabembeleza. Kisha mpe insha, utoke nje, umwache asome bila wewe kumtazama usoni. Akikataa, ng'oa ukurasa wa Loc na usome insha iliyobaki, baridi kama ilivyo. Viazi vilivyopimwa kwa haki ni chakula. Siku hiyo hiyo mwambie mama yako ukweli, mezani, kwa maneno machache, na akikasirika usijitetee.

Na kama babu yako anadhani nyundo imemfunga mdomo, mkumbushe kwamba mwenyekiti yeyote anaweza kumkabidhi karani nyundo kwa hoja moja na kukaa kwenye viti vya kukunja kama sisi wengine. Miaka kumi na tisa ni muda wa kutosha mtu kusahau.

Agatha Wheelock


Eastmoor, Jumapili, tarehe 11 Machi 2007

Mpendwa Mshauri,

Nilimpa babu kanda Jumamosi ile barua yako ilipofika, tukiwa kwenye kibanda cha kuchemshia utomvu. Nikaomba radhi, nikaacha insha juu ya kuni, nikatoka. Alipokuja nje kanda ilikuwa katika mfuko wa shati lake, na kwa siku tatu hakuitaja. Mama nilimwambia ukweli jioni hiyo, akakasirika siku mbili, sikujitetea. Jumanne jioni, wiki moja kabla ya mkutano, tukila, babu akasema, "Umemsikia Loc akisema naimba vibaya?"

"Nimemsikia."

"Alikuwa mwongo mkubwa, yule." Akacheka, na safari hii sauti ilitoka kidogo.

Mkutanoni, hoja ya ishirini na tatu ilipoitwa, alimkabidhi karani nyundo, akashuka, akakaa kati yangu na mama. Watu walikubali nizungumze. Nilisoma yanayofanana na yasiyofanana, na nilipofika ukurasa wa Loc nikaketi, yeye akasimama. Alisema majina mawili, la Loc na la Sami, akaeleza zile barua kumi na moja alizoandika kumtafuta Loc. Bwana mmoja wa nyuma akamuuliza, "Sasa Armand, turudishe askari au tusirudishe?" Babu akasema, "Piga kura unavyoona. Mimi naomba tu kuongeza maneno," akapendekeza hoja iseme askari warudishwe nyumbani, na wenyeji waliowafanyia kazi wasiachwe nyuma. Nyongeza ilikubaliwa kwa sauti. Hoja yenyewe ilipita kwa mikono tisini na minne dhidi ya sitini na mmoja, na sikuona kama mkono wa babu ulikuwa miongoni mwa hiyo, kwa sababu nilikuwa namtazama mama. Kisha akapanda tena jukwaani, akachukua nyundo, akasema maharage yanapoa.

Jana nilimsomea Everett nyongeza hiyo kwenye simu. Akaniambia niandike jina la kweli la Sami, herufi moja moja, nimpe babu.

Sasa babu amekaa mezani jikoni na karatasi mpya mbele yake. Anasema zile kumi na moja alizituma kwa wasiohusika, na wakati ulikuwa umepita, na hii ya kumi na mbili hataki aikosee. Ameniagiza nikuulize, na anangoja jibu lako kwa posta ya kwanza: ili mtu kama Sami apate kuja, barua ya kwanza anaandikiwa nani?

Delphine