Daftari la Nyangumi Huanza na Mama

Pwani ya Magharibi, Kanada
Mwezi wa tisa

Mayu, mama yangu, shikamoo.

Dada Leticia, najua ni wewe unayemsomea. Soma polepole, usiruke mistari kama kawaida yako.

Mayu, macho yanaendeleaje? Dada ameniandikia kwamba umekataa kupasuliwa hapo Sengerema mpaka nije mwenyewe. Maneno hayo yameninyima raha. Mimi ni mzima, ila nimechoka, nimechoka kweli. Mvua ya huku haina adabu, na vidole vyangu siku hizi havifungi hata kifungo.

Nasikia jumuiya nzima ilisali kwa sababu niliandika kwamba nafuata nyangumi wauaji. Poleni. Ni jina baya tu walilopewa. Hawa wa hapa wanakula samaki, mtu hawamgusi. Watu ndio waliowakamata na kuwafungia kwenye mabwawa wacheze mbele ya watazamaji. Sasa tunawalinda. Tunawapiga picha mapezi ya mgongoni, maana kila mmoja ana kovu lake, na tunawajua kama marehemu baba alivyowajua ng'ombe wake. Lakini samaki wao wanapungua na wengine wamekonda vibaya. Nikiwatazama nawakumbuka furu, wale samaki wetu wadogo, walivyotoweka ziwani.

Mwanzoni nilifanya kosa la mfugaji. Niliona dume kubwa, pezi lake limenizidi urefu, nikaliandika kwenye daftari letu kuwa kiongozi wa kundi, kama fahali wa zizini. Mzee Pita, yule mtafiti wa sangara aliyenichukua Mwanza shirika letu lilipouzwa tukapunguzwa kazi, alicheka mpaka akakaa chini. Kumbe anayeongoza ni mama. Mtoto wa kiume, hata awe mkubwa vipi, haondoki ubavuni mwa mama yake. Daftari lote limepangwa kwa akina mama.

Mama wa dume lile hajaonekana misimu miwili. Wiki iliyopita tulimkuta mwanawe peke yake kwenye ghuba. Tulizamisha kinasa sauti, tukamsikia akiita, anaita tu. Hakuna aliyemjibu. Mzee Pita akaniambia nimfute yule mama daftarini.

"Labda yuko mbali," nikasema.

"Misimu miwili hajaonekana, anafutwa. Ndiyo kanuni yetu." Akanitazama. "Na wewe, mama yako umemwona lini?"

"Miaka minne iliyopita."

Mezani palikuwa na mkataba wangu mpya wa miaka miwili, unangoja sahihi.

Nimeurudisha bila sahihi, Mayu. Naogopa, sikufichi. Kazi niliyokuwa nayo Mwanza haipo tena, na viwanda vya minofu ya samaki vya Nyakato vinataka vijana, si mtu wa umri wangu. Lakini dada, mwambie daktari apange siku mwezi wa kumi na moja. Nitakuwepo.

Nisalimie baba mdogo Lutonja, na shangazi Minza wa Buhongwa. Shemeji yangu Paulo, mumeo dada, mwambie namshukuru kwa kulima shamba la Mayu.

Nitavuka na kivuko cha asubuhi. Mayu, macho yako yasiponitambua pale gatini, nitakuita. Wewe itika tu.

Mwanao,
Masanja