Kanga Chini ya Godoro

Dada Nyangeta,

Usishtuke kuona naandika. Ni mimi yule yule niliyekuwaga nakuahidi barua kutoka Musoma na haiji, mpaka umekufa ndipo nimepata nafasi. Niko kitandani kwangu, nyumbani Makoko. Nimefanyiwa oparesheni, wamekitoa kizazi chote na ule uvimbe uliokuwa unajifanya mtoto wangu wa uzeeni. Daktari alisema imekwenda vizuri, maumivu yatapungua taratibu. Ya kwangu hayapungui. Yamekaa chini ya mshono, upande wa kushoto, kama mpangaji asiyetaka kuhama.

Tangu uondoke mambo yamegeuka. Sabuni ulizokuwa unapangia foleni kutwa nzima pale Bunda sasa zimejaa madukani, za rangi unayotaka. Ila hospitali unakwenda na glavu zako na uzi wako kwenye kapu, kama mtu anayepeleka gauni kwa fundi. Wale samaki wako wadogo, furu, ndio wamekwisha, sangara kawamaliza ziwani. Ungelia, wewe na sahani yako.

Shangazi Nyabweke amekuja kutoka Buswahili kuniuguza. Unamjua. Kwake mwanamke akitoka hospitali na tumbo linauma, huyo ni mzazi, basi. Amenikanda na maji ya moto, amenipikia uji wa ulezi, kisha akanifunga tumbo na kanga, anavuta huku goti lake liko ubavuni kwangu kama anafunga gunia kwenye baiskeli. Nikamwambia, "Shangazi, mimi sikuzaa." Akaniuliza, "Kimetoka, hakijatoka?" Nikasema kimetoka. "Basi tulia, mzazi." Jirani mmoja kasikia habari nusunusu, kaja na sabuni ya mtoto. Nilicheka, dada, na kucheka ndiko kunakouma kuliko vyote.

Sasa ngoja nikwambie kilichonishikisha kalamu.

Juzi Shangazi alipokwenda ziwani kufua, nililegeza ile kanga nipumue kidogo. Nikaona imelowa. Usaha, na harufu. Unajua nilifanya nini? Niliikunja vizuri, pindo kwa pindo, nikaisukuma chini ya godoro, nikajifunga nyingine. Shangazi aliporudi akaniuliza kama panauma. Nikamjibu, "Kidogo tu."

Nilipolisema nikasikia sauti yako. Hilo ni neno lako. Kule Kisorya, baada ya oparesheni yako, kila aliyekuuliza ulimjibu hivyo. Mumeo, kidogo tu. Mchungaji, kidogo tu. Mimi nilipokuja kukuona ukasema kidogo tu, ukainuka kunikaangia samaki, umeshika ukuta. Tulipokwisha kukuzika ndipo tukatoa godoro lako kulianika, tukazikuta kanga zako. Zimekunjwa kama za kwenda kanisani. Shangazi alizikumbatia zote, akaenda nazo nyuma ya nyumba, akakaa huko.

Naogopa, dada. Naogopa kukohoa. Naogopa homa iliyoanza jana. Naogopa hili godoro nililolalia miaka yote. Na cheka tu, namwogopa hata daktari. Ni kijana niliyemfundisha darasa la nne, nilikuwaga namchapa kwa sababu ya jedwali la saba. Nitamfunulia tumbo vipi, safari hii niko macho? Ataanza na "Shikamoo Mwalimu," halafu aniambie nilale chali. Jana nilijiambia afadhali nivumilie. Nilivyosikia hilo neno kichwani, nikajua ni wewe ulikuwa unajiambia hivyo hivyo, ukiwa umeshika ukuta.

Leo asubuhi nikamwita Shangazi, nikainua godoro.

Hakunitania. Alikaa pale pale sakafuni, akaishika ile kanga, akasema kwa sauti ndogo, "Na wewe?" Halafu akanifungua tumbo. Dada, yule mama mwenye mikono ya kufunga magunia, alilifungua fundo kwa ncha za vidole. Hajanikanda tena wala hajanikaza. Amenifunika tu shuka, amekaa mlangoni anaomba Mungu kwa lugha ya nyumbani, na jina lako analitaja katikati.

Shemeji yako amekwenda kutafuta gari. Glavu zilizobaki ziko kwenye kapu, na kanga iko juu yake, haikufuliwa. Mwandiko umepinda kwa sababu naandika nimelala ubavu. Sijui wataniambia nini huko. Labda ni kidonda tu. Labda ndiyo ile iliyokuchukua wewe.

Nasikia gari linapiga honi kwenye kona. Nikuache, dada yangu. Upumzike, na usinisogezee nafasi hapo kwanza. Nakuahidi kitu kimoja: kanga hii nitaitandaza mezani kwa yule kijana, na akiniuliza kama panauma, nitamwambia panauma sana. Nitalisema kwa sauti, mpaka walio nje kwenye benchi wasikie.

Mdogo wako,
Rehema