Pesa Zinazolala Siku Ishirini na Nane

Rågsved, Stockholm
Jumatano, 3 Septemba 2025

Mpendwa dada yangu mkubwa, Yaya Perpétue,

Kabla hujaanza kunitukana, pokea kwanza salamu zangu. Hujambo wewe, na mguu wako? Shemeji amepona ile malaria? Na mama, bado anakataa kula ugali usiosongwa na mkono wako? Mimi ni mzima, namshukuru Mungu, ila nimekonda. Fébronie atakayekuletea barua hii hapo Lubumbashi atakuambia hivyohivyo, ndiyo maana nimetangulia kusema mwenyewe.

Najua umenipigia mara tano. Simu niliiona ikiita, Yaya, nikaigeuza kifudifudi mezani. Niliogopa sauti yako. Ukiniambia tu, "Firmin, mvua inakuja na chumba cha mama hakina bati," nitatuma pesa siku hiyohiyo, unanijua. Na nikituma nimekwisha. Afadhali nikuandikie, maana karatasi haiwezi kunibembeleza.

Sasa sikiliza, na ukae kwanza. Karakana yetu ilifungwa mwisho wa Juni. Kibali changu cha kuishi hapa kinategemea kazi ile. Ikiisha, nina miezi mitatu ya kupata mwajiri mwingine, la sivyo nifunge mizigo. Nimezunguka mji huu na vyeti vyangu vya kuchomelea mpaka viatu vimekwisha soli. Huku wananisifu, wananipa kahawa, halafu kimya.

Agosti ndipo mlango ulipofunguka. Karakana moja ya Uingereza imekubali kunichukua, mkataba umesainiwa, ada ya viza wanalipa wao. Ila mimi mwenyewe lazima nionyeshe akiba: pauni elfu moja mia mbili na sabini, kwenye akaunti yenye jina langu, zilale humo siku ishirini na nane mfululizo. Zikipungua siku moja tu, hata ukizirudisha kesho yake, unaanza kuhesabu upya. Na mimi nikianza upya leo, hesabu itafika mwisho siku ileile kibali kinapokufa.

Leo ni siku ya ishirini na nne.

Pesa ninazo, na zimezidi mstari huo wa akiba kwa krona mia mbili tu, pesa za hapa. Lakini niambie wewe, ni lini pesa ya ukoo wetu imewahi kulala siku ishirini na nane? Ikilala usiku mmoja tunaishangaa! Kila asubuhi kabla sijanawa uso nafungua simu nikaangalie kama bado zipo, kana kwamba kuna mtu aliyeingia usiku akazibeba. Nakula uji wa shayiri asubuhi na jioni. Mama Hortense, ninayepanga chumba kwake, alinikuta nao mara ya tatu akaguna, akaondoka bila kusema neno. Huyo mama akinyamaza, ujue ana jambo.

Na hapa hakuna anayejua habari hii. Si ndivyo ulivyonifundisha? Safari haitangazwi mpaka viza igongwe. Nilipokuja huku niko uwanja wa ndege na sanduku langu, wewe unawaambia majirani nimeenda Likasi kumsalimia mjomba.

Sasa kilichoniumiza zaidi. Mzee Clovis amefariki, Ijumaa iliyopita. Nilishakuambia habari zake: ndiye aliyenipokea siku ya kwanza, akavua koti lake akanivisha, yeye akarudi nyumbani na sweta kwenye theluji. Ndiye aliyenipeleka kwaya yetu ya Hässelby. Nilikwenda kumwona hospitali siku nne kabla hajaondoka. Akanishika mkono, akaniuliza, "Mwanangu, kazi umepata?" Mkataba ulikuwa mfukoni mwangu, Yaya. Nikamjibu, "Bado, Mzee."

Sasa orodha ya mchango wa mazishi inazunguka kwenye simu za kwaya. Kila mtu anaandika jina na kiasi, anairudisha. Kila inaporudi imekuwa ndefu, na namba kumi na nne ni "Firmin", mbele yake hakuna kitu. Kila mtu krona mia tano, hata wale wanafunzi. Concessa, mweka hazina wetu, ameniuliza mara mbili, "Kaka Firmin, nikuandike ngapi?" Nimemjibu nitamwambia. Jana nilishaandika ile mia tano, kidole kikawa juu ya kitufe. Nikakiondoa. Nimelia kama mtoto, sikufichi. Matanga yako mwisho wa treni yetu hiihii, wala hubadilishi, na sijatia mguu.

Naacha hapa. Simu inaita tena, na ni wewe.

Jumatatu, 8 Septemba

Yaya, karatasi ni ileile lakini mwandishi si yule wa Jumatano.

Ijumaa jioni simu ililia: mtu amenitumia krona mia tano. Kabla sijasoma jina ikalia tena, mia mbili. Tena, mia tatu. Tena, hamsini! "Pole kaka." "Usikate tamaa." "Ya mboga hiyo." Watu kumi na tisa, wote wa kwaya yetu. Nilisimama katikati ya chumba. Mungu wangu, afisa wa viza atasema nini akiona majina yote haya kwenye akaunti ya mtu anayedai ana akiba yake? Nikatoka mbio hadi jikoni. Mama Hortense, maana naye huimba nasi, alikuwa anakoroga sombe, ile mboga ya majani ya muhogo, hata hakugeuka.

"Sasa ulitaka tukuache ufe na njaa, mimi niko upande wa pili wa ukuta?" akasema. "Mtu hatoi hata senti kwa Clovis, Clovis aliyempenda vile! Tukajua hana. Tukafungua orodha yako."

Kumbe kulikuwa na orodha mbili, na ya pili walinificha.

Jumamosi nilikwenda Hässelby. Nilikuwa nimepanga maneno yangu vizuri, kuwaomba radhi, kurudisha kila mtu chake. Nikafika, nikaona picha ya Mzee mezani, maneno yote yakapotea. Nikasema tu hovyohovyo: nina kazi Uingereza, pesa ninazo, sikuwa na njaa, niliwaficha. Concessa alikunja midomo. Mtu mmoja nyuma akasema, "Ehee!" nami nikatamani sakafu inimeze.

Mama Aurore, mjane wa Mzee, akaniita nikae karibu yake. Akaniambia taratibu, kwa ile sauti iliyokauka kwa kulia: "Ulipotoka pale hospitali, mzee aliniambia, 'Firmin hana kazi na anaona haya kusema. Nikiondoka, mwangalieni.' Ile mia tano ya kwanza niliyokutumia ilikuwa kwa ajili ya neno lake." Kisha akaigeukia ile picha. "Ungemwambia tu, mwanangu. Angefurahi sana."

Niliomba msamaha mpaka akanizuia yeye. Nikataka kumrudishia pesa, akakunja kiganja changu, akasema iandikwe kwenye orodha ya mazishi. Kwa hiyo namba kumi na nne sasa imejazwa. Nimemzika Mzee Clovis kwa pesa ya mjane wake.

Zilizobaki walikataa kuzipokea. Concessa alinigombeza nusu saa nzima, kisha akakaa akaandika barua ya kueleza zile pesa ni za nini, wote kumi na tisa wakatia sahihi. Akiba haikushuka chini ya mstari. Siku ya ishirini na nane ilikuwa jana. Leo asubuhi nimetoa taarifa ya benki, nimeiambatisha na barua ya Concessa, nimetuma maombi. Watakubali au watakataa, sijui.

Fébronie anabeba bahasha yako. Ndani mna pesa ya bati sita, si kumi na mbili ulizotaka. Anzieni upande wa kitanda cha mama.

Msalimie mama sana, umwambie nakula vizuri. Msalimie shemeji, na mtoto wenu Natacha, na Baba Armel wa dukani ambaye bado namdai mpira wangu. Mungu awafunike na mvua iwakute ndani.

Na Yaya, majirani wakikuuliza habari zangu, safari hii usiseme nimeenda Likasi. Waambie nimeomba viza, sijapata jibu, na ninaogopa.

Ndugu yako anayekupenda hata asipopokea simu,

Firmin