Suti Iko Harusini

S.L.P. 41,
Kakamega.
18 Februari, 1968.

Kwa kaka yangu mpendwa Hezekiah,

Mulembe mno. Pokea salamu nyingi kutoka kwetu sote hapa Khayega. Miili yetu ni mizima, ila mioyo ina mambo yake, na mbele utayaona. Natumaini barua hii itakukuta huko India ukiwa salama, na kwamba lile tumbo ulilosema linateswa na pilipili za wenyeji wako limekwisha kutulia. Shemeji Risper hajambo, siku hizi anafundisha darasa la tatu. Mwanao ameng'oka meno mawili ya mbele na bado hafungi mdomo kutwa nzima. Mama anaendelea vizuri isipokuwa goti lake la kushoto. Mvua haijaanza, mashamba tumeshalima, tunaangalia juu tu.

Barua yako ya Januari ilifika. Niliposoma kwamba mitihani imekwisha na mwezi wa Juni utarudi ukiwa daktari wa mifugo, Mama alisahau goti akacheza. Lakini sikumsomea barua yote. Niliruka pale ulipouliza tena lile swali lako la mwaka jana, kama Baba alizikwa na suti yake. Uliandika kwa hiyo kalamu yako kali kwamba suti aliyowanyima wenzake, angalau yeye mwenyewe basi aliivaa? Mwaka jana nilikujibu kwamba Baba alipendeza sana ndani ya jeneza. Haikuwa uongo, kaka, lakini halikuwa jibu. Tangu Jumatatu nimechana karatasi tatu za ofisi nikijaribu kukujibu. Hii ni ya nne, na nimeapa sitaichana.

Suti ile unaijua kuliko mimi, maana ulioa nayo. Lakini niache nianzie mbali, kwa sababu nikiruka hapa nitaruka na kwingine, najijua. Baba alipotoka vita vya Burma, wenzake walinunua baiskeli na ng'ombe. Yeye alikwenda moja kwa moja kwa Fundi Mahmoud, yule mtu wa Mumias aliyekuwa akikaa na cherehani yake barazani pale mjini, akashonewa suti ya sufu ya kijivu: koti, suruali, na kizibao cha kuvaa ndani ya koti. Kisha hakuifanya yake. Kijana yeyote wa kwetu aliyekuwa anaoa alikuja kuichukua siku ya Alhamisi, akairudisha Jumatatu pamoja na jogoo. Fundi Mahmoud alikuwa ameacha kitambaa cha akiba ndani ya mishono, kwa hiyo wanene walifunguliwa na wembamba wakabanwa. Kila iliporudi, Mama alitia mshono mmoja wa uzi mwekundu ndani ya bitana ya kizibao. Wako wewe ulikuwa wa kumi na mbili, na ulifunguliwa kiuno mpaka Fundi akasema hapa sasa kitambaa kimekwisha! Na mtu akija kuiomba ikiwa haipo, Baba alijibu kwa maneno matatu tu, nayo yakawa msemo wa kwetu: "Suti iko harusini." Yaani subiri, itarudi.

Uhuru ulipokuja, nikapata kazi ya ukarani, na wewe ukasafiri. Mwaka ule wa sitini na nne tai ilikuwa balaa. Ukiivaa unaulizwa kama umetumwa na Mzungu. Mkubwa wetu pale ofisini, Masinde, alitufundisha sisi vijana kwamba suti ni mnyororo uliosahaulika shingoni, na kwamba mtu huru huenda sherehe na shati lililo wazi kifuani. Wallahi tulikwenda hivyo mpaka kwenye misa ya alfajiri ya Pasaka, tukipigwa na baridi. Mimi nilikuwa wa kwanza kupiga makofi. Lakini nikuambie kweli, mimi sikuwa na siasa yoyote. Niliionea haya suti ile tangu utotoni, jinsi ilivyonuka dawa ya nondo na majasho ya watu wa kijiji kizima. Masinde alinipa tu jina zuri la kuiita aibu yangu.

Ilipokaribia sikukuu ya Jamhuri, Masinde akabuni mchezo wa kuonyesha uwanjani, akauita Mazishi ya Ukoloni. Tutengeneze sanamu ya Bwana Mkubwa, tuijaze majani makavu ya migomba, tuibebe kwenye machela kwa ngoma za isukuti na nyimbo za matanga, kisha tuichome. Ikabaki suti ya kuivalisha. Wote waliokuwa wakiitukana suti walikuwa nayo moja sandukuni, na hakuna aliyetaka kuitoa. Nikasema mimi ninayo.

Nilikuja nyumbani nikamwambia Baba kwamba rafiki yangu wa ofisini anaoa mbali, kule upande wa Khwisero, nami nimeombwa nisimame naye, kwa hiyo naomba suti. Ungemwona, kaka! Mimi niliyekuwa nikiibeza suti hiyo mbele yake, leo naiomba kwa mikono miwili. Alitia makaa kwenye pasi yeye mwenyewe, akamfukuza Mama asikaribie, akainyoosha suruali mpaka mstari wake ungeweza kukata mboga. Kizibao hakikuwepo, maana suti ilikuwa imetoka harusini juzi yake na Mama alikuwa bado anatia mshono. Nikasema kibaki tu, kuna joto. Baba akanishika bega akaniusia kwamba kifungo cha chini cha koti hakifungwi, muungwana hukiacha wazi. Nikaitika, ndiyo Baba.

Siku yenyewe uwanja ulijaa. Mimi ndiye niliyeivalisha ile sanamu, na kichwa chake kilikuwa kibuyu. Nilipomaliza niligundua kwamba kifungo cha chini nimekiacha wazi. Mkono ulikuwa umefanya wenyewe. Tukainua machela, isukuti ikalia, watu wakacheka mpaka wakakaa chini. Nilikuwa nimeshika mbele, upande wa kushoto.

Na hapo ndipo nilipomwona Baba. Alikuwa ametembea kutoka Khayega kuja kumtazama mwanawe siku ya Jamhuri, amevaa ile kofia yake ya sikukuu, amesimama mstari wa mbele kabisa. Machela ilipomfikia, alivua kofia, akaiweka kifuani, akainamisha kichwa. Unajua hiyo ilikuwa desturi yake kila maiti ilipopita, hata ya mtu asiyemjua. Waliokuwa karibu naye walishika mbavu kwa kicheko. Walidhani mzee naye ameingia mchezoni! Alipoinua uso tulitazamana. Kaka, nilikuwa hatua mbili kutoka kwake. Niligeuza macho upande wa pili, nikapaza sauti ya kuimba zaidi. Kisha Masinde akamwaga mafuta ya taa.

Nilikaa mjini wiki nzima kabla ya kuthubutu kuja nyumbani, na nikaja na uongo wangu nimeushona vizuri, kwamba bwana harusi ametoroka na suti. Sikupewa nafasi. Kabla sijaketi, Baba alimwambia Mama mbele yangu kwamba suti bado iko harusini, Bramwel ameipeleka mbali, tusimsumbue. Kisha akaniuliza habari za kazi. Mimi mjinga nikafurahi, nikajiona nimepona.

Vijana wakaendelea kuja siku za Alhamisi. Baba akawajibu vilevile. Mwezi ukapita, mwaka ukapita, na watu si wajinga, harusi gani hiyo isiyoisha? Wakaanza kusema mzee Shivachi amekuwa mchoyo, Uhuru umempanda kichwani, ameificha suti azikwe nayo. Yeye, ambaye hakuwahi kumnyima mtu hata moto wa kuwashia jiko! Binamu yetu Chrispinus alipooa kwa shati la kuazima, mama yake aliacha kumsalimu Baba kanisani. Baba alimsalimu kila Jumapili vivyo hivyo, naye kila Jumapili aligeuza shingo. Mimi nilikuwa nimekaa benchi la nyuma yao, nikiona yote.

Ndipo wewe ukaandika ile barua ya mwaka wa sitini na sita. Sikulaumu, uliandikiwa na watu, nawe uliamini kama wengine. Lakini hili ndilo lililonifanya nichane karatasi tatu. Macho ya Baba yalikuwa yamepungua, na barua yako alinipa mimi nimsomee. Tulikuwa mezani, ugali wetu wa obusuma umepakuliwa. Niliisoma yote kwa sauti. Nilisoma ulipoandika kwamba ametuaibisha, kwamba vita havikumfundisha kitu, kwamba mtu anayewanyima watoto wa nduguye kitambaa cha siku moja hastahili kuitwa mzee. Pale palikuwa mwisho wa ukurasa. Ningeweza kuiweka barua chini. Baba alikuwa ananitazama, hakuwa na hasira, alikuwa ananitazama tu, anangoja. Mimi nikageuza ukurasa nikaendelea kusoma.

Nilipomaliza aliniambia nikujibu kwamba barua imefika na ameisikia. Akaongeza nikuambie una mwandiko mzuri. Sikukuambia hata hilo.

Sasa jibu la swali lako. Baba alipofariki Machi mwaka jana, hakukuwa na suti ya kumvalisha. Mama alimvalisha shati jeupe na kile kizibao chenye mishono yenu nyote, akamfunika shuka mpaka kidevuni ili watu wasione kwamba koti halipo. Aliyeuliza aliambiwa mgonjwa alikuwa akisikia sana baridi. Na kijiji kizima kinaamini mpaka leo kwamba mzee amekwenda na suti yake kaburini.

Mambo ya dunia ni ya kuchekesha, kaka. Nilipokuwa tayari kumwoa Mideva, Masinde ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati yetu ya harusi. Siku hizi ni mkubwa kweli, ana suti nne, ya kahawia anaivaa hata sokoni, na ndiye aliyeamuru kadi ziandikwe kwamba wanaume wote waje na suti na tai. Nilicheka peke yangu mpaka Mideva akaniuliza kama ninaumwa. Nikaenda kwa Fundi Mahmoud, ambaye amezeeka lakini mkono wake bado. Akanipima mabega, akasita, akanipima tena, akasema mwili huu aliwahi kuupima. Akaniuliza kwa nini nataka mpya na ile ya mzee ni ya kudumu miaka mia. Kaka, kinywa kilijibu chenyewe. Nilisema suti iko harusini.

Nilirudi nikamwambia Mideva yote. Nilidhani atavunja uchumba, akalia tu. Kesho yake nikamwambia Mama. Hakushtuka. Alisema anajua tangu jioni ile ya Jamhuri, Baba aliporudi amebeba kofia mkononi, hakuivaa njia nzima. Baba alimkataza kuniuliza. Alimwambia mtoto akiumbuliwa hujifunza kujificha zaidi, mwache atasema mwenyewe. Mama akasema kila nilipokuja nyumbani siku ya Jumamosi, Baba alikuwa akinisogezea kiti karibu na chake, maana huenda ikawa leo. Miaka miwili na zaidi, Jumamosi kwa Jumamosi. Majuto ni mjukuu, watu husema. Mimi wangu ameshazaliwa na ameshaota meno.

Nilioa Desemba kwa suti mpya ya kijivu. Nilimwomba Fundi aache kitambaa cha akiba kwenye mishono, na baada ya harusi Mama akatia mshono mmoja mwekundu ndani ya kizibao. Kisha nikatangaza kanisani kwamba nyumba ya Shivachi ina suti tena, na kijana yeyote anayeoa aje Alhamisi. Watu waliguna, wengine wakacheka. Baadaye kijana mmoja alinieleza kwa adabu kwamba siku hizi ni aibu mtu kuoa na nguo iliyovaliwa na mwenzake, kila mmoja hushona yake au huacha. Nimengoja Alhamisi saba.

Ninakuomba neno moja. Ukija Juni, tusimame pamoja mbele ya kanisa, nami nimwambie mama yake Chrispinus na wote waliomgeuzia Baba shingo kwamba mchoyo hakuwa yeye. Ningeweza kusema peke yangu, lakini wewe pia una deni la maneno kwake, na niliyekuingiza humo ni mimi. Usinitetee. Ukitaka kunichapa, nichape kwanza nyumbani, usingoje kanisani.

Mama anakusalimu na kusema uje na koti zito, Juni yetu ina baridi. Shemeji Risper atakuandikia mwenyewe, mtoto anakuchorea ng'ombe. Mideva, ambaye hujamwona, anakusalimu kwa heshima kama shemeji yake mkubwa.

Na mtu yeyote wa kwetu akikuandikia tena kukuuliza, mjibu kwamba harusi ile imekwisha. Suti iko nyumbani.

Ni mimi mdogo wako,
Bramwel Shivachi.